Siku Tulipoupaka Mto Chokaa

Tangu nirudi Morogoro hakuna mteja anayekaa kwenye kiti changu cha saluni bila kuniuliza, "Eti Mama Neema, ni kweli mlitaka kufungwa kijiji kizima?" Nimesimulia mpaka nikasahau kumwosha mtu dawa kichwani, nusura aungue kisogo. Basi nimeandika. Someni wenyewe, mkimaliza mtulie niwasuke.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Mama mdogo Nakijwa, mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Anaishi kitongoji kimoja juu ya milima ya Upare, upande wa Vudee. Shamba lake la mahindi na maharage linakunywa maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo mababu zetu walilichimba kando ya mto. Linajaa usiku, asubuhi kizibo kinafunguliwa, na kila familia inapeleka maji shambani kwake kwa zamu. Bila ndiva, pale hakuna shamba, kuna mawe tu na upepo mzuri.

Sasa wakaja watu wa aina mbili, wote na karatasi zao. Wa kwanza wanataka kujenga ukuta mkubwa kule juu penye korongo, mto uwe bwawa la kumwagilia uwanda wa chini. Wa pili ni maofisa wa maji. Hao wanasema mto ule haujawahi kuguswa kule juu, kwa hiyo ulindwe kisheria, asijenge mtu, asilime mtu, asikate mtu hata jani. Mimi nilikuwa upande wa hawa wa pili, ila kulikuwa na jambo moja la kuninyima usingizi. Mstari wa hifadhi ungepita wapi? Ukipita juu ya ndiva, tumepona. Ukipita chini yake, ndiva inaingia hifadhini, kizibo hakifunguliwi tena, na mama mdogo anahamia Same mjini kwa mwanawe, akakae chumba cha kupanga anahesabu malori.

Akanipigia simu. "Alhamisi wanakuja kukagua na kuamua. Njoo utuongelee."

"Mama mdogo, mimi ni msusi, si wakili."

"Kwani kazi yako si kuongea siku nzima?"

Nikafunga mzigo.

Morogoro hadi Segera: naitikiwa Amina

Njiani, ndani ya basi, nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba yangu. Kimoyomoyo, lakini midomo inacheza, macho nimefumba, mkono kifuani. "Ndugu maofisa, sisi watoto wa mto huu..." Nilipofika mwisho nikavuta pumzi ndefu. Mzee aliyekaa pembeni yangu, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa muda wote ule na kofia ameivua, akasema kwa sauti, "Amina!"

Jamani! Nilishindwa kumwambia. Ningeanzaje? Ameshanionyesha heshima ya kanisani, mimi niseme nilikuwa najipigia debe? Kufika Chalinze ananiita mtumishi. Kufika Segera ameninunulia mfuko mzima wa machungwa, ameyachagua mwenyewe kupitia dirishani akigombana na muuzaji kwamba mtumishi hali machungwa makavu. Nikala kwa aibu. Yalikuwa matamu, lakini.

"Mtumishi unaelekea wapi?"

"Same, halafu napanda Vudee."

Uso ukamng'aa. Akasema yeye anaitwa Mchome, anakaa uwanda wa chini ya milima hiyo hiyo, na Alhamisi atapanda huko huko kwa ajili ya bwawa. Akafungua mkoba akanionyesha karatasi zenye sahihi za wenzake, nyingine ni alama za dole gumba. "Tunaomba ukuta ujengwe pale korongoni. Mtumishi, utuombee."

Chungwa likanipalia.

Hedaru: mkanda umekatika

Nilijitahidi kukaa kimya mpaka Mombo, na mnajua mimi kukaa kimya ni ugonjwa. Baada ya Mombo nikamwaga yote. Kwamba mimi si mtumishi, kwamba ile haikuwa sala, kwamba naenda kumpinga. Mzee Mchome akanitazama, akatazama maganda ya machungwa mapajani mwangu, akanitazama tena.

"Yaani nimekulisha machungwa unipinge vizuri?"

Basi zima likaangua kicheko, kisha likagawanyika. Upande wa kulia wakasema mto uachwe, kushoto wakasema watu kwanza. Mama mmoja wa nyuma, anayekwenda zake Arusha na hajawahi kuuona huo mto, alitetea korongo mpaka sauti ikamkauka. Mimi na Mzee Mchome tukawa tunajibizana kama mashemeji.

Karibu na Hedaru mkanda wa injini ukakatika. Fundi akaja na mkanda usio saizi yake, akarudi zake. Jua la pale mnalijua, halina huruma na mtu. Tukashuka, tukajibanza kwenye kivuli cha basi lenyewe, na kivuli kilipokuwa kinasogea na sisi tunasogea nacho. Mzee Mchome akafungua hotipoti yake. Mihogo ya kuchemsha na kachumbari. Akagawa sehemu mbili, akanisukumia iliyo kubwa.

"Kula. Adui wangu asizimie kabla ya Alhamisi."

Tukiwa tunakula akanyoosha kidole kwenye korongo moja kavu lililokatiza chini ya barabara. Akasema masika maji hupita kwenye makorongo kama hilo kwa kishindo, yanabeba kuku, yanabeba mbuzi. Siku tatu baadaye ni vumbi. "Mahindi yangu yanafika kiunoni, yanatoa mbelewele, halafu yanakauka nikiyaangalia. Mwaka huu nimeacha hata kwenda shambani. Nisiende nikaone nini?"

Alisema hivyo huku anatafuna muhogo, wala hakuwa ananihubiria. Nilitaka achukie mto ili nimchukie vizuri, kumbe anataka mahindi tu. Nikamwambia pole, naye akasema asante, tukaendelea kula.

Same: mfuko wa chokaa

Mkanda sahihi ulipopatikana, tuliingia Same jua linazama, upepo wa pale stendi ukanivua kilemba kabla sijakanyaga chini. Nikapata chumba, nikaoga vumbi likatoka la rangi mbili. Mama mdogo akapiga.

"Kesho ukipanda, nunua chokaa mfuko mmoja uje nao."

"Chokaa ya nini?"

"Ya wageni."

Sikuuliza zaidi. Nilidhani ni ya choo cha ofisi ya kijiji. Haki ya Mungu, ningeuliza swali moja tu, hii safari isingekuwa na masimulizi.

Asubuhi nilikunywa supu na chapati mbili, nikanunua mfuko, nikampata bodaboda wa kunipeleka mahali pikapu za mlimani zinapopakia. Mfuko tukauweka katikati yetu. Ulikuwa na tundu. Upepo ulipoipeperusha chokaa, tulipita mjini Same weupe pepepe mimi na yule kijana, watu wanatunyooshea vidole. Nikamsikia anamjibu mwenzake, "Ni mteja, usimwogope!"

Kupanda: baragumu inalia

Barabara ya kupanda inazunguka mpaka unauona mgongo wa gari lako mwenyewe. Chini nchi ni ya kijivu na mkonge, ukizidi kupanda inaanza migomba, kahawa, hewa ya baridi inaingia puani unacheka bila sababu. Mimi nilicheka. Jirani yangu, mama mwenye kapu la vifaranga, akaniuliza kama nina homa.

Niliposhuka tu nikasikia baragumu. Pembe ile ikilia kwetu maana yake ni msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na kila nyumba itoe mtu mwenye jembe. Asiyefika anatozwa faini, na faini yenyewe itasemwa kanisani hadi wajukuu zake waoe. Nikaona watu wanateremka kutoka kila upande, jembe begani, panga mkononi, kwaya ya vijana inaimba.

Mama mdogo akanijia mbio. Ana miaka sabini na kitu, lakini anakimbia.

"Shikamoo mama mdogo!"

"Marahaba mwanangu. Chokaa iko wapi?"

Ndipo nikaambiwa. Wageni wakubwa wanakuja kesho kuutazama mto. Mto ulikuwa na magugu, matete yamezagaa, mawe yana ukungu, ni aibu. Mgeni anakuja kwako kukagua, utamwonyesha uchafu? Mwenyekiti wa kitongoji, mtu makini sana mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa amegawa mto vipande, kila ukoo na kipande chake.

Mngetegemea mimi niliyetoka mjini niseme, jamani, hawa wanakuja kuona mto ambao haujaguswa! Sikusema. Nilikuwa nimefurahi mno. Miaka mingapi sijasikia baragumu? Nilikunja gauni, nikaingia majini nikapiga mayowe ya baridi, nikafyeka matete huku naimba sauti ya pili. Tulifagia kingo kwa mifagio ya chelewa. Tulipanga mawe mistari miwili sambamba, kama njia ya kuingilia ofisi ya mkuu wa wilaya. Halafu nikapewa brashi, kwa sababu chokaa ilikuwa yangu, nikapaka. Jiwe moja moja, kutoka njia panda, nikapita penye ndiva, nikaendelea kidogo juu yake hadi ukingo wa mshitu.

Mshitu ni msitu wa wazee wa zamani. Sisi ni Walutheri tangu babu, lakini mshituni hatukati hata kijiti. Nilikuwa na chokaa imebaki, nikainua mguu niendelee. Mama mdogo akanishika kiwiko. "Hapo basi." Watu wote walikuwa wamesimama pale pale, bila mtu kuwaambia, wanafuta majembe.

Tukala makande yaliyochemka tangu alfajiri, na parachichi. Mwenyekiti akautazama mto akasema, "Sasa hata waziri na aje." Tukapiga makofi. Nililala usingizi wa mtoto mchanga.

Alhamisi: mto wa mkuu wa wilaya

Maofisa walikuwa watatu, mkubwa wao dada mmoja mdogo mdogo mwenye buti na miwani, anaitwa Rehema. Mzee Mchome naye alifika na wenzake wawili wa uwandani. Tukawaongoza wageni kwenda mtoni, tumevaa nguo za Jumapili, kwaya mbele.

Dada Rehema alipofika njia panda alisimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mistari miwili ya mawe meupe ilipanda kilima inameremeta, na mto katikati, uchi wa mnyama, hauna hata tete moja.

"Hiki ni nini?" akauliza polepole.

"Mto," akasema Mwenyekiti kwa fahari.

"Picha nilizonazo mimi..." Akafungua faili. Akatazama picha, akatazama mto, akatazama picha. "Mimi nimeandika mto huu una uoto wa asili, haujaguswa, ulindwe. Ofisini wananisubiri. Nani amefyeka?"

Mikono nikaificha nyuma ya gauni. Lakini nyie mnatujua Wapare na kesi. Mtu wa kwetu akiulizwa swali mbele ya karatasi, anasimama kutoa ushahidi.

"Kuanzia pale kwenye mti hadi hapa ni ukoo wetu," akasema mzee mmoja. "Tumefyeka barabara kabisa."

"Si kweli, mmeishia kwenye lile jiwe! Kutoka pale ni sisi!"

"Andika na jina langu, mimi niling'oa visiki!"

Walipanga foleni, jamani. Walipanga foleni ya kukiri! Ofisa mmoja mwenye daftari anaandika, nao wanamsahihisha herufi za majina yao. Mama mdogo akasukuma watu akafika mbele. "Matete ya kipande hiki nimekata mimi na panga langu."

Dada Rehema akainua mkono. Akasema, kwa upole kama mtu anayempa mgonjwa majibu, kwamba sheria inakataza kufyeka ndani ya mita sitini za kingo za mto, na kwamba watu wote waliojiandikisha sasa hivi wamejiandikisha kuwa wamevunja sheria.

Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti, ikakatika kama redio iliyoisha betri. Mwenyekiti akafunika kalamu zake moja baada ya nyingine.

"Na chokaa?" akauliza Dada Rehema.

Nikaitazama mikono yangu. Kucha kumi, nyeupe zote. Nikainua mmoja.

Mzee Mchome alinitazama kutoka ng'ambo, mdomo wazi. Nilijua anawaza ninachowaza. Kama mto si wa asili tena, basi hakuna cha kulindwa, na ukuta unaweza kujengwa. Alikuwa ameshashinda bila kufungua mkoba. Na kama maofisa wakikasirika, wangefunga kila kitu mpaka chini ya ndiva, tusiguse tena chochote. Huku tumekosa na huku tumekosa. Mama mdogo akanishikilia mkono kwa nguvu. Mwanamke huyu sijawahi kumwona akimshikilia mtu hivyo, hata siku tulipomzika mama.

Dada Rehema akaanza kupanda. Sisi nyuma yake, kundi zima, chokaa kushoto na chokaa kulia. Akapita ndiva, akaiangalia, akashika kizibo chake. Akapanda tena kidogo. Akafika kwenye jiwe la mwisho jeupe.

Mbele yake mshitu ulisimama. Makangaga marefu kuliko mtu, miti imevaa kuvu, mto unatoka gizani kama unatoka mdomoni mwa mlima. Hakuna jani lililokatwa. Hakuna hata unyayo.

"Hapa mbona hamkufyeka?"

Watu wakatazamana. Swali lenyewe lilikuwa la ajabu. "Hapo?" akasema mama mdogo. "Hapo ni mshituni. Hapo hakuna wa kufyeka."

"Chokaa iliisha?"

"Ilibaki nusu debe," nikasema mimi. "Nilizuiwa."

Akageuka kuutazama mshitu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikasema Yesu wangu, tumemliza mtoto wa watu. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe langu, chokaa bado mbichi, sketi ikachafuka yote. "Kila mto ninaokwenda," akasema, "nabishana miezi na miezi, watu wanaishia wapi na mto wenyewe unaanzia wapi. Nyie mmenichorea."

Akapima pale pale kwa kile kifaa chake. Akasema atapendekeza mstari uanzie kwenye jiwe lile kwenda juu, na ndiva ibaki nje. Ukuta wa korongoni, ambao uko juu ya jiwe, hapana. Na sisi wote tuliokiri tuandike barua ya ahadi na kuurudishia mto kila tete tulilolikata, kuanzia kesho. "Lakini haya ni mapendekezo yangu. Wanaoamua wako juu yangu. Kuna mtu alikuja kuongea?"

Mama mdogo akanisukuma mgongoni.

Nikafungua mdomo. "Ndugu maofisa, sisi watoto wa mto huu..." Macho yangu yakamwangukia Mzee Mchome. Alikuwa anakunja zile karatasi zake zenye dole gumba, taratibu, anazirudisha mkobani. Hotuba ikaniruka yote. Nikajikuta nasema, "Huyu mzee mahindi yake yanakauka yakiwa na mbelewele. Masika maji yanapita mlangoni kwake yanabeba kuku. Maji hayo si ya mshituni, ni ya mvua, yanapotea tu. Si mumchimbie lambo huko huko chini, kwenye korongo kavu, akinge yale? Mto muuache, mzee mumpe mafuriko yake."

Sikujua kama ni hoja. Ilinitoka. Dada Rehema aliandika mistari miwili, akapigia mstari chini. Mzee Mchome akavua kofia, akasema, "Amina." Safari hii hakukosea.

Ijumaa na baada ya hapo

Basi langu la kurudi lilikuwa Ijumaa asubuhi. Liliondoka bila mimi. Baragumu ililia, nikashuka mtoni na wenzangu kupanda matete. Mnajua kuna kazi ngumu kama kurudisha vurugu? Mwenyekiti alitaka tupande kwa mistari. Tulimpigia kelele sote kwa pamoja. Mzee Mchome, ambaye hakuwa na kosa lolote, alipanda mlima na jembe lake akatusaidia, akanicheka kila nilipoteleza. Chokaa tuliisugua kwa mchanga, ila jiwe la mwisho tuliambiwa tuliache.

Nikarudi Morogoro na wasiwasi wangu. Wiki zikapita. Barua ya uamuzi hakuna. Nikipiga simu mama mdogo ananijibu, "Bado," na sauti inazidi kuwa ndogo. Mara moja akaniuliza kama nyumba za Same zina mahali pa kupanda hata mchicha. Siku hiyo niliwasuka vibaya wateja wawili, wanisamehe.

Jumamosi ile mliokuwepo saluni mnakumbuka simu ilivyolia. Niliweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

"Barua imekuja," akasema mama mdogo. "Mstari umepita juu. Ndiva ni yetu. Na lambo la huko chini watu wameshakuja kulipima."

Nikapiga yowe. Mkapiga yowe na nyie, hata hamkujua ni la nini. Nikasema, "Mama mdogo, kwa hiyo huhami?"

"Nihamie wapi? Acha kunichelewesha, ni zamu yangu, wameshafungua kizibo."

Alidhani amekata simu. Aliitia tu mfukoni mwa gauni. Ndipo mimi nikazima feni ya kukaushia nywele, na nyie wote mkanyamaza, na tukayasikia maji yanaingia shambani.